Dole Gumba la Kulia

Lile dole gumba lilikuwa langu. Nimelikana miaka mingi: kwa karani, kwa bibi, kwa ndugu zangu kila waliponichokoza sikukuu ya Krismasi, na hata kwa padri, ambaye hakuniuliza, ila nilimkania kwa tahadhari tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiwa darasa la tatu, na tulikaa Kamuli. Baba alifanya kazi kwenye mgodi wa bati, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Siku moja jiwe liliporomoka shimoni likamponda dole gumba la mkono wa kulia. Zahanati wakalikata. Baba alirudi nalo limefungwa kwenye jani la mgomba, na bibi akalizika shambani nyuma ya nyumba, maana kwa bibi hakuna kipande cha mtu kinachotupwa ovyo.

Mkono usio na dole gumba haushiki jembe. Tuliambiwa aliyeumia kazini ana haki ya fidia, na baba alikwisha kuamua: ingemlipa mtu wa kulima migomba. Ikikosekana, wa kulima ni mimi, na shule basi.

Nyapara wa mgodi alileta fomu ya fidia siku ambayo baba alikwenda kubadilishwa bandeji. Alikataa hata kukaa.

"Jazeni upesi, naondoka nayo."

Msomaji wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, naye alijiona sana. Nilijaza kila kitu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku: dole gumba la kulia la mfanyakazi. Mwalimu wetu alikuwa akituchapa kwa kila nafasi tuliyoiacha wazi. Baba hakuwepo, na hata angekuwepo, la kulia hakuwa nalo. Mimi nilikuwa nalo. Nikalipaka masizi ya chungu, nikaligandamiza.

Baadaye chuo kikuu kilinifundisha mengi kuhusu ushahidi. Masizi hayakutajwa.

Baada ya majuma machache baba aliitwa ofisini mgodini, akanichukua nimsomee. Nilimwamkia karani shikamoo, hakuitikia. Aliweka fomu mezani kando ya mkataba wa kazi.

"Mzee, hapa kwenye mkataba kuna dole la mwanamume. Hili hapa ni la panya. Nani kaliweka?"

Akanitazama. Nikaficha mikono mgongoni.

"Sijui," nikasema.

"Basi dai lina udanganyifu. Leta dole gumba lililo kwenye mkataba, la sivyo nafunga faili."

"Nitakuja Jumatatu," baba akasema.

Akaja Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata, na nyingine, nami nyuma yake, bandeji ikizidi kupungua na jibu likiwa lilelile. Njiani hakuniuliza lolote. Ningeona nafuu kama angenichapa.

Jumatatu ya nne ofisi ilijaa wafanyakazi waliosubiri posho.

"Mzee, umelileta?" karani akauliza bila kuinua macho.

"Liko chini ya mgomba wangu, Kamuli. Beba jembe, bwana karani, ukalichimbue. Mimi jembe silishiki tena."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Nenda na kikapu, bwana mkubwa!"

"Unanifanyia mzaha mbele za watu?"

"Sina mzaha. Uliza mkubwa wako. Mimi siondoki."

Baba akakaa kizingitini. Hapakuwa na wa kuingia wala wa kutoka. Karani akatazama mlango, akatazama watu, kisha akazungusha mkono wa simu kwa hasira na kuomba aunganishwe na Afisa Kazi wa Bukoba.

"Ndiyo, bwana, ni kuhusu yule wa dole gumba... La kulia, bwana, ndivyo fomu inavyotaka... Alikoumia? Dole gumba, bwana." Sauti yake ikashuka. "La kulia, bwana... Ndiyo, lilikatwa... Ndiyo, hilohilo ninalomdai." Akajifuta shingo kwa leso. "Hapana, bwana, sikufikiri... La kushoto. Leo hii, bwana. Alipwe. Ndiyo, bwana."

Alipoweka simu chini, alichana ile fomu ya masizi, akatoa nyingine na kukisukuma kidau cha wino hadi ukingoni mwa meza. Baba aliinuka kizingitini, akagandamiza dole gumba la kushoto polepole, kisha akaniita kwa kichwa nisogee.

"Angalia vizuri, mwanangu," akasema. "La mtu mzima linakuwa hivi."