Mito ya Sufi ya Dada Mwajuma

Enzi zetu Ujiji, vichwa vyetu havikuujua mto wa dukani. Binti yangu, ninayeishi naye hapa Gungu, juzi kanisomea kwenye simu yake kwamba mto wa kitandani ukifikisha umri fulani sharti utupwe. Nilicheka hadi khanga ikafunguka. Kwani mto una cheti cha kuzaliwa? Kwetu aliyejua mto umefika mwisho ni Bibi, mama yake baba, na kipimo chake kilikuwa mikono yake tu. Aliukunja katikati kama chapati, akauachia. Ukijikunjua wenyewe, bado una uhai, endeleeni kulala. Ukibaki umejikunja, alisema, "Huu umeshakufa, watoto mnalalia maiti," nasi tukashangilia.

Tulishangilia kwa sababu mto ukifa inakuja siku ya sufi. Mnaikumbuka sufi, wenzangu? Kiangazi misufi ilipopasuka tulikwenda kuokota, tukarudi weupe nywele na kope kama tumezeeka njiani. Tulijifunga vitambaa puani, tukakaa mkekani kuchambua na kutoa zile mbegu nyeusi, maana tuliambiwa mbegu ikisahaulika ndani, panya ataifuata hadi sikioni kwako. Basi ni chafya juu ya chafya. Tulijibandika ndevu za sufi, tukawaigiza wazee wa mtaa wanavyokohoa, na Bibi badala ya kutugombeza alisema, "Chekeni tu, mto wa watu waliocheka unalalika." Mfuko ulifuliwa, ingawa ile ramani ya udenda wetu haikutoka asilani, kisha sufi mpya ikachanganywa na ya zamani iliyopigwa jua. Siku hiyo mto ulipanda juu mpaka shingo ikauma, na tuliona raha isiyo na mfano.

Mimi na dada yangu Mwajuma tulilalia mto mmoja mrefu, yeye upande wa ukutani, mimi upande wa mlangoni. Nilimpenda Mwajuma kuliko mtu yeyote. Akaja kuposwa na kijana wa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, nami sikufurahi hata chembe. Ila mtaani kwetu palikuwa na desturi: mwali haondoki bila mito yake miwili, iliyojazwa na watu wa kwao. Mito isipojaa, boti iende zake bila yeye. Nikaomba kimoyomoyo isijae.

Siku ya kuamkia safari uani palikuwa pamejaa wageni na masufuria, hapakuwa na pa kuanikia sufi. Shangazi Siwema, mwepesi wa kukata shauri, akasema tukaanike mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, mchanga una joto zuri. Ziwa lilikuwa limelala kimya. Mtu wa Ujiji anajua fika kwamba ziwa likilala asubuhi, mchana linaamka na upepo, lakini harusi huwatoa watu akili. Tukatandaza sufi yote juu ya mikeka, jirani kabisa na dagaa wabichi wa Mama Chausiku, aliyeishi mlango wa pili na kwetu.

Upepo ulipoamka haukubisha hodi. Sufi ikapaa yote, mikeka ikabaki mitupu, kisha ikashuka juu ya dagaa, na kwa kuwa walikuwa bado na umajimaji, ikanasa. Mwalo mzima ukaota manyoya. Mama Chausiku akashika kiuno. "Siwema, ndiyo umenigeuzia dagaa wangu kuwa vifaranga?"

Shangazi, nyusi zake nyeupe pepe, akamjibu, "Nisamehe dada yangu. Tukiwasikia wanalia tutawatafutia mtama."

Wanawake waliangukiana mchangani kwa kicheko. Mimi niliruka kuliko wote, maana kwa hesabu yangu Mwajuma sasa haendi popote.

Bibi hakumlaumu mtu. Alasiri alichukua ile mifuko mitupu akaanza kupita mlango kwa mlango, sisi nyuma yake. Kila nyumba ilifumua kona ya mto wake na kutoa konzi ya sufi, na kila konzi ilikuja na maneno. "Hii ni ya upande wa baba watoto, ikianza kukoroma ipigeni kofi." Mama Chausiku, aliyekuwa bado anawanyonyoa dagaa wake, alitoa nyingi kuliko wote, na dagaa kadhaa wakaingia humohumo. Tulirudi nyumbani tukiwa hoi kwa kucheka.

Bibi akaipapasa mito. Mmoja umejaa, wa pili una pengo. Akanitazama. "Mto wenu wawili bado haujatoa," akasema, akanipa wembe.

Hapo ndipo nilipolia. Mwajuma akaja akakaa nami, tukaufumua mto wetu pamoja, na sufi tukaitoa upande wa ukutani, upande wake. Bibi akaukunja ule mto wa pili, akauachia, ukajikunjua. Vigelegele vikapigwa, na mimi nikapiga vyangu huku kamasi zikinitoka.

Miaka mingi baadaye Mwajuma alinisimulia kwamba wiki za mwanzo Kagunga, akilaza kichwa alikuwa ananusa mtaa mzima: udi wa Bibi, mafuta ya nazi ya nywele zangu, na dagaa. Alikuwa anacheka peke yake gizani, mpaka mama mkwe akauliza kama bibi harusi ni mzima.

Siku hizi vijana wanapanga mito minne kitanda kimoja, kichwa hakijui kilale wapi. Ni laini, sitasema uongo. Binti yangu naye anaolewa karibuni, anakwenda mbali, na mito yake ameshainunua, ingali ndani ya nailoni. Nilimuuliza imejazwa na nani.

"Mama jamani, si na mashine."

Tulicheka wote wawili. Lakini nikiitazama pale kabatini nawaza, siku ya kwanza huko ugenini, mwanangu akilaza kichwa, atanusa nini cha kwetu.