Mimi sisikii, chuo kikaniletea mkalimani siku ya defence. Yaliyotokea sijayaamini mpaka leo

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Songea. Sijaongeza chumvi, na mkimaliza kusoma mtaona haikuhitaji.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huko Madaba, nasoma masters. Nilizaliwa nasikia vizuri tu. Ukubwani nikaugua homa ya uti wa mgongo, nikapona, masikio yakabaki huko huko. Kuongea naongea kama nyinyi. Midomo nasoma kidogo, mtu akisema taratibu tukiwa tunatazamana.

Darasani nilijikongoja kwa notsi za wenzangu. Ilipokaribia defence ya proposal, yaani kutetea pendekezo la utafiti mbele ya panel ya wahadhiri, nikaingiwa na hofu, maana ruhusa yangu ya masomo ilikuwa inaisha. Nisipopita siku ile, narudi Madaba mikono mitupu.

Nikaenda ofisi ya ujumuishi, ile inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu. Afisa ni kaka mchangamfu kweli. Nikamwambia sisikii, naomba msaada. Akaniandikia kwenye simu: "Ondoa shaka mwalimu, tunakuandalia kila kitu."

Nikalala usingizi mnono.

Siku yenyewe naingia, namkuta dada mmoja nadhifu amesimama mbele, Mwalimu Hadija, mkalimani wa lugha ya alama. Afisa yuko pembeni na kamera, anatabasamu utadhani bwana harusi.

Wakuu, mimi lugha ya alama SIIJUI. Hata herufi moja!

Mwalimu Hadija akanipungia mikono, nadhani alikuwa ananisalimia. Mtu katoka mbali kwa ajili yako, kajipanga, watu wote wamefurahi. Utamwambiaje? Nikaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeelewa.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Nikawasilisha utafiti wangu: utoro wa wanafunzi msimu wa korosho huko Nakapanya. Nikamaliza vizuri. Yakaja maswali.

Mwenyekiti wa panel anauliza huku anamtazama Hadija, mimi naona shavu lake tu. Hadija anachezesha mikono. Mimi natoa macho. Swali la pili, vile vile. La tatu, mzee mmoja akatikisa kichwa na kuandika kitu kwenye karatasi yake.

Jasho likanitoka. Wanadhani sijui majibu!

Nikasimama. "Samahani wazee wangu. Lugha ya alama siijui. Sijawahi kujifunza."

Hadija akashika kifua. Afisa akashusha kamera.

Basi mwenyekiti akamgeukia Hadija na kusema kitu, naye Hadija, kwa mazoea, akanitafsiria kwa mikono! Wakuu, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nikawaomba waniandikie maswali. Wakaanza kujadiliana. Kwenye midomo ya mwenyekiti nikasoma neno moja tu: "tuahirishe."

Kulikuwa na mama mmoja kwenye panel, alikuwa kimya muda wote. Akainuka, akachukua maka pen, akaandika ubaoni: KWA NINI NAKAPANYA?

Nikajibu kwa mdomo: "Kwa sababu nimezaliwa huko mama, na msimu wa korosho mimi mwenyewe nilikuwa mtoro."

Nikaona mabega yanatikisika, wanacheka. Akafuta, akaandika lingine. Mwenyekiti naye akaomba kalamu. Ubao ulijaa na kufutwa mpaka vumbi la wino likamchafua yule mama mikono.

Nikapita, na marekebisho madogo.

Hadija alinifuata nje, akaniandikia: "Nisamehe kaka, nilidhani umenielewa." Nikamwambia kosa si lake. Hatukuulizwa wote wawili.

Sasa sikieni mwisho.

Juzi naperuzi ukurasa wa chuo, nakutana na picha yangu. Mimi nimetoa macho, Hadija kanyanyua mikono. Chini wameandika: "Mwanafunzi asiyesikia atetea utafiti wake kwa msaada wa mkalimani wa lugha ya alama."

Nikaandika pale pale: mimi lugha ya alama siijui, kilichonisaidia ni ubao.

Wakajibu: "Asante kwa mrejesho. Tunakuhakikishia mkalimani atakuwepo pia kwenye defence ya mwisho."

Nilichojifunza: sema shida yako, halafu taja na dawa yake, tena mapema. Wengi wana moyo wa kusaidia, ila hawaulizi.

Waliopitia vyuoni na ulemavu wowote, nyie mliwaelewesha vipi? Na kama kuna afisa wa ujumuishi humu, karibu, ila niandikie.