Jirani yangu alikataa nyumba ipulizwe dawa ya mbu, kumbe tatizo halikuwa dawa

Wakuu wa jukwaa, heshima kwenu. Hili nimeliona kwa macho yangu hapa Nagongera, Tororo, Uganda, na sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kwa wasionijua: nilirudi kutoka Doha na diploma ya usalama kazini, nikajenga nyumba ya vigae kwa jasho langu. Kwa hiyo wapulizaji wa dawa ya mbu walipofika kijijini, waliniomba mimi nihamasishe watu. Wangemwomba nani mwingine?

Sharti lao ni kwamba kila chombo kitoke nje kabla ya kupuliza. Vya kwangu nilivitoa mapema. Taratibu. Fridge niliiweka karibu na barabara, ipate hewa.

Shida ikawa kwa jirani yangu Owor, mtunza vyombo wa kikundi chetu cha mazishi. Mkewe Athieno alikuwa mjamzito, na malaria ilikuwa imeshamlaza hospitali mara mbili. Daktari alimwonya kwamba ikirudi tena anaweza kumpoteza mtoto. Na wapulizaji walikuwa wanahamia kijiji kingine jioni hiyo.

Owor akasimama mlangoni. "Dawa hii naleta kunguni!"

Nikamwaga diploma yote. Nikaeleza dawa inavyoshika ukutani na mbu anavyokufa akitua. Nilitumia hadi English.

"Ndugu yangu," akasema, "hiyo ya Doha rudisha Doha."

Watu wakacheka. Nilimsamehe, hajasafiri.

Athieno hakucheka. Alimpita mumewe, akaanza kutoa vitu mwenyewe. Viti. Godoro. Owor nyuma yake: "Mama, acha! Mama, ngoja kwanza!"

Mwisho akatoka anaburuta sufuria kubwa ya kikundi. Ile ile ambayo Owor alitutangazia kwamba imeibwa! Msiba uliopita tulipikia kisufuria cha kuazima, waombolezaji wakala kwa zamu kama mahabusu.

Watu wakaisogelea sufuria.

"Baba," Athieno akasema, "mimi naumwa malaria. Wewe naumwa sufuria."

"Nilikuwa naificha," Owor akajitetea, "mwizi asiione."

Wapulizaji wakaingia.

Athieno amejifungua salama, mtoto wa kike. Chakula cha kumkaribisha mtoto kilipikwa kwenye sufuria hiyo hiyo, na aliyeiosha ni Owor.

Nilichojifunza: mtu akikataa dawa ya mbu, usipoteze lecture. Msaidie kutoa vyombo.

Haya wakuu, huko kwenu wanaokataa wanaficha nini?