Mikeka Yao, Kisima Chetu

Mimi sikusoma zaidi ya chuo cha Kurani, na nikikasirika kalamu hunipotea. Lakini hili nitaliandika, na nitajitahidi nisimdhulumu mtu.

Kisima chetu cha Siyu kilikuwa kimebomoka ukuta, maji yakawa matope. Wanawake wasukaji wa mikeka, wenye chama chao, wakapatana na chama cha waashi wa Amu: wao wasuke mikeka ya msikiti ambao waashi wameujenga, na waashi waje watujengee kisima kabla ya kiangazi. Dada yangu alikuwa msukaji na mimi nina wino, basi mapatano nikayaandika mimi. "Kila mkeka upana wake mikono minne." Mkono, kama tupimavyo sote, toka kiko cha mkono hadi ncha ya kidole. Mkono wa nani, sikuandika.

Mkuu wa wasukaji, Bi mmoja mfupi, akapima kwa mkono wake. Wakasuka hadi vidole vikachubuka. Mikeka ikapelekwa Amu.

Kiangazi kikaingia, mwashi hata mmoja hakuja. Nikaenda Amu. Mkuu wao, mtu mrefu kweli, akanipa kahawa, akasema kwa upole, "Bwana, mikeka yenu imepungua. Mapatano hayakutimia."

"Basi nipeni niirudishe."

"Utairudishaje? Watu wanaiswalia."

Nikapima kwa mkono wake. Ilipungua shibiri nzima, siwezi kukataa, na kosa ni langu. Lakini kitu kisichofaa hukitandiki! Unasujudu juu ya jasho la watu, watoto wao wanakunywa matope, kisha unaniambia mapatano hayakutimia? Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia. Nilimaliza kahawa yake, nikamshukuru, nikaswali adhuhuri nyuma yake. Mpaka leo najichukia kwa ile asante.

Niliporudi Siyu, Bi alinisikiliza huku anasuka.

"Ulimwona akisujudu?"

"Nilimwona. Safu ya mbele."

"Paji la uso liliangukia wapi?"

Nikakumbuka. Pale mkeka unapokoma, juu ya sakafu mpya. Alipoinuka alikuwa na doa la chokaa pajini, juu ya mato.

Wanawake wakacheka hadi miyaa ikawatoka mikononi. "Mwacheni, atasema ni alama ya ucha Mungu!"

Bi hakucheka. "Tutasuka ukili, ukanda wa miyaa wa kuongeza upana, kila mkeka na wake. Mwandikie uko tayari, kwa kipimo cha mkono wake yeye. Lakini hautoki hapa. Unamngoja kando ya kisima."

Waashi walichelewa, lakini wakaja. Nadhani safu ya mbele ilianza kunung'unika. Nasema haki: ukuta waliujenga vizuri, wala hawakulegeza kazi. Lakini walipomaliza, mkuu wao akajipangusa mikono, akasema, "Haya, tumewasaidia."

"Mmetusaidia?" Bi akamkazia mato. "Lete mkono wako."

Akamlazia kijiti mkononi toka kiko hadi kidole, akakikata, akakipasua kwa urefu. Nusu akampa, nusu akaifunga kwenye upindo wa leso yake. "Tukipatana tena tutapima kwa hiki. Na neno la kusaidia uliache Amu." Ndipo akampa ukili.

Dada yangu akaniletea kata ya kwanza ya maji. Nikamwambia ampelekee Bi. Mimi nilikuwa nimekwisha kunywa kahawa, kule Amu.