Lampu Moja ya Posti ya Baba

Enzi zile, sisi wa Kasongo tukiwa watoto, habari haikukaa mfukoni mwa mtu. Ilifika saa moja asubuhi kwenye baraza la misheni, na ilibidi mtu aoge kwanza. Baba yangu ndiye aliyekuwa mtunza foni, ile redio ya kuitana na vituo vya mbali: Kabambare, Nyangwe na kwingineko. Watu walikuja wamevaa nguo za Jumapili, huyu anaulizia mgonjwa, yule analeta habari ya msiba, utadhani aliye upande wa pili alikuwa anawaona.

Kando ya foni palikuwa na posti, yaani redio, kubwa ya chuma, ya kijani, ambayo haikusema na mtu: ilikuwa ya kupokea tu. Ndani yake mlikuwa na lampu, vichupa vya kioo vilivyowaka wekundu na kutoa joto. Shughuli za foni zikiisha, Baba alizungusha kitufe taratibu akiwatafuta amateri, watu wenye mitambo majumbani mwao wanaoitana kutoka nchi hadi nchi kwa kupenda tu. Tulisikia mikwaruzo, mikwaruzo, halafu ghafla mtu anacheka kwa lugha tusiyoijua, na sisi tunacheka naye. Juu ya posti palikuwa na joto zuri, tukapafanya pa kukaushia karanga. Siku karanga zilipodondokea ndani, baraza zima lilinukia, nami nikachapwa kisawasawa. Sijutii, zilikuwa tamu.

Kwenye foni husemi mpaka mwenzako amalize na kutamka "avu", yaani sasa ni zamu yako. Baba aliileta sheria hiyo hadi kwenye chakula chetu cha bugali na sombe. "Kama haujasikia avu, funga kinywa!" Tulikuwa watoto saba, na kitinda mimba wetu alikuwa mchoyo wa avu, alisimulia mpaka mboga ikapoa. Leo mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wanasema wanne kwa mpigo, kila mmoja na simu yake mkononi, kisha wananiuliza kwa nini hawaelewani.

Misheni ilipopata vyombo vipya, posti ile iliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja, ikatupotea. Sasa Baba amezeeka na masikio yake yanaziba kidogo kidogo. Mwaka jana aliniita. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Mama, ile posti yangu nataka niisikie tena, kabla masikio hayajakufa kabisa."

Hakuomba kingine. Nikaanza kuitafuta, na katika kutafuta nikawa mkusanyaji. Nyumbani nina posti kuukuu nne, mbili zinasema, na majirani wameshakubaliana kwamba kichwa changu hakiko sawa.

Shida ni zebaki. Wachimbaji hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na ndani ya kioo cha kila lampu, kwa juu, kuna doa linalong'aa kama fedha. Mtu akazusha kwamba hiyo ni zebaki ya ajabu, yenye nguvu kuliko ile ya dukani. Basi posti zikapasuliwa kwa nyundo kila mahali. Kule Lusangi nilikuta kasha la posti nzuri kabisa, ndani kuku anaatamia mayai. Niliketi chini nikalia, kuku ananitazama tu.

Wiki tatu zilizopita nikapata habari kwamba posti ya kijani imeonekana Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Nikapanda pikipiki, siku mbili za matope, nimebeba lampu moja nzima niliyoifunga kwenye kitambaa. Ilikuwa akiba yangu pekee ya aina inayotumika katika posti ya Baba. Mchimbaji aliyeinunua posti hiyo aliitwa Bahati, mtu wa Kivu, mpole. Niliigeuza posti, nikaona jina la Baba limechorwa nyuma kwa msumari. Lampu moja haikuwapo, ya aina ile ile niliyobeba; Bahati aliinunua posti hivyo hivyo. Nyundo ilikuwa pale mezani.

"Mama, mule iko zebaki," Bahati aliniambia. "Angalia vile inang'ala."

"Hamuna kitu mule, ndugu yangu."

"Watu wote wanasema iko."

Tulibishana sana, naye akakataa kuniuzia. Mwishowe nikafungua kitambaa, nikaiweka lampu yangu juu ya jiwe. Nilijua ninachofanya. Nikamwambia alitazame lile doa asibandue macho. Nikachukua nyundo yake, nikapiga. Hewa ilipoingia, mng'ao ulififia ukawa unga mweupe, kidogo, kama vumbi la chaki. Bahati alipitisha kidole, akanusa, akainua hata jiwe.

"Kumbe ni bure?"

"Ni bure."

Nilimrudishia pesa alizokuwa ametoa kuinunua posti, naye mwenyewe akanisaidia kuifunga posti kwenye pikipiki.

Nilipofika Kasongo, Baba aliipapasa posti pande zote mpaka vidole vyake vikafika kwenye tundu la lampu isiyokuwapo. Nikamweleza kwa sauti kubwa kwamba iliyofaa hapo nimeivunja kwa mkono wangu. Nilitegemea atahuzunika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umeua moja, zingine zimepona. Sasa tafuta, mama. Mimi ningali niko."

Nimesikia Nyangwe kuna mjane wa fundi posti, ana kisanduku cha lampu ambacho hakijafunguliwa tangu mumewe afariki. Keshokutwa naenda. Nikikosa, nitaulizia Kabambare, nikikosa huko nitaendelea mbele. Utotoni tulikaa tu barazani, na sauti za watu wa mbali zikaja zenyewe kutukuta. Siku hizi ni mimi ninayezifuata kwa pikipiki, na kila jioni nikirudi mikono mitupu, inanibidi niongeze sauti kidogo zaidi ya jana ndipo Baba asikie kwamba bado sijapata.