Mtandao wa Makaburini

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, kaka yangu aliposimama kwenye ukingo wa shamba langu la mlimani na kusema dalali amepiga simu, bei imepanda, ning'oe karoti. Hakukanyaga ndani ya shamba. Tangu baba alipofariki na ardhi ikagawanywa, tulikuwa tukizungumza kutoka mipakani.

Nilimwamkia kwa shikamoo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Aliitikia akiwa amekwisha kugeuka.

Karoti ikiwa ardhini inaweza kusubiri wiki mbili bila kudhurika. Ikishang'olewa na kuoshwa mtoni ina siku tatu, kisha inalainika na kuanza kuota madoa. Kwa hiyo "ng'oa" si neno la kuchezea. Niliita akina mama sita, tukang'oa, tukaosha, tukajaza magunia kumi na manane, nayo yakapanda lori la kesho yake kwenda Dar es Salaam. Fedha iliyorudi ilitosha magunia na nauli ya lori. Akina mama niliwalipa kwa kuuza mbuzi.

Nilishuka Lushoto mjini nikampigia dalali kwa simu ya kulipia. Alikuwa kijana mwenye adabu, na alishangaa.

"Shikamoo mzee. Mbona mmechelewa? Mimi nilipiga Jumamosi. Jumatatu soko lilikuwa limeshaanguka."

Jumamosi. Kaka alikuwa amekaa na neno hilo siku tatu, na katika siku hizo tatu karoti zake mwenyewe zilikuwa zimeondoka na kuuzwa.

Nilimkuta nyumbani kwake anakunywa chai, nikamuuliza. Hakukana.

"Kwani mimi posta?" alisema. "Simu yangu, vocha yangu. Shukuru hata nimekuambia."

"Uliniambia ya Jumamosi siku ya Jumanne."

"Ukishindwa kulima sema tu. Lile shamba la bondeni nitalinunua. Bei ya ndugu." Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa Kishambaa na kwa sauti ya juu, ili majirani waliokuwa wakimenya mahindi nje wacheke vizuri. Walicheka.

Shamba la bondeni ndilo bora kuliko yote aliyotuachia baba. Maji yanafika bila kubeba ndoo. Lilikuwa na karoti changa, za kukomaa baada ya wiki saba. Zikipotea nazo, nisingekuwa na fedha ya mbegu wala mbolea, na ningelazimika kuuza. Mnunuzi alikuwa ameshajitangaza.

Miaka hiyo chama cha ushirika kilikuwa kimekufa na bei ya kila kitu ilikaa mdomoni mwa madalali. Asiye na simu alilima gizani. Niliamua kununua yangu.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, na nilichojifunza kwanza ni kutoamini tangazo kabla ya kupiga hesabu. Kampuni zilizofika kwetu zilikuwa mbili. Ya kwanza, aliyokuwa nayo kaka, mnara wake ulikuwa karibu na mji na ilishika hadi jikoni. Ilitoza shilingi mia tatu kwa dakika, na ukizidisha sekunde moja ulilipa dakika ya pili nzima. Ya pili ilitoza shilingi nne kwa sekunde, sekunde uliyotumia tu, na vocha yake ilidumu muda mrefu zaidi. Mnara wake ulikuwa chini tambarare, upande wa Mombo, na watu waliniambia huku juu haifiki.

Nilinunua simu iliyotumika pamoja na laini ya kampuni ya pili. Laini ya kampuni ya kwanza niliazima kwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaipima kwa siku moja. Kisha nilishika saa ya mkononi na kupima maongezi yetu ya kawaida na dalali. Kumwamkia, kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za kazi: sekunde hamsini. Bei yenyewe: sekunde ishirini. Kwa kampuni ya kwanza ningelipa mia sita. Kwa ya pili, mia mbili na themanini.

Basi nilitembea na daftari siku mbili, nikiandika vijiti vya mtandao vya ile laini ya bei nafuu kila mahali niliposimama. Nyumbani, hakuna. Bondeni, hakuna. Kanisani, kimoja, kinakuja na kuondoka. Mahali pa kumi na tisa palikuwa kwenye kilima cha makaburi ya familia, ambako milima miwili inaachana na unaona tambarare yote kama umefunguliwa dirisha. Nilipofika kwenye kichwa cha kaburi la baba, vilisimama vitatu.

Kilima hicho kilikuwa ndani ya fungu la kaka.

Lakini wazee wa ukoo walipogawa ardhi walisema jambo moja ambalo sote tuliliitikia: njia ya makaburini haina mwenyewe, na hakuna mtoto wa marehemu atakayezuiwa kumfikia baba yake. Kaka alipoziba njia kwa miti, nilikwenda kwa wazee. Waliizibua siku hiyohiyo, na wakamtoza kuku.

Baada ya hapo kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nilipanda kilimani kupiga simu, na kila mara kaka alitokea na jembe.

"Umekuja kumwona baba au kumwona dalali?"

"Wote wawili."

"Baba alikuwa mtu wa kahawa. Unamchosha na bei za karoti."

"Yeye ana muda wa kusikiliza."

Alianza kupalilia kandokando ya kaburi, hatua mbili kutoka miguuni pangu, akigonga kila jiwe, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya besi. Kaburi la baba halijawahi kuwa safi kama miezi ile. Mimi niliziba sikio moja kwa kidole na kubonyeza simu kwenye lingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bei?"

"Mzee, mbona siku hizi unaongea kama telegramu? Mama hajambo?"

"Hajambo. Bei?"

Nilijaribu kuzifuta salamu kabisa lakini alianza kunijibu kwa ukavu, na dalali aliyenuna ni gharama kubwa kuliko sekunde. Nikazirudisha. Maongezi yetu yalikaa kwenye sekunde sabini.

Wiki ya saba karoti za bondeni zilikuwa tayari. Za kaka pia, na shamba lake lilikuwa mara mbili ya langu. Jumatano ile mnara wa mjini uliharibika na watu wote wa kampuni ya kwanza walibaki wanatikisa simu zao. Ijumaa asubuhi, saa moja na nusu, nilipofika kilimani kaka alikuwa ameshafika. Hakuwa na jembe wala wimbo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti.

Nilimwamkia. Nilipiga.

"Mzee, using'oe," dalali alisema. "Malori yameingia mengi mno, karoti zinamwagwa. Subiri mpaka Jumatano ijayo, itapanda."

Nilikata na kutazama saa. Sekunde sitini na nane.

"Amesemaje?" kaka aliuliza. Alikuwa anautazama msalaba wa baba. Sikumbuki kama aliwahi kuniuliza jambo lolote kwa kutaka jibu kabla ya siku hiyo.

"Amesema tusing'oe. Soko limejaa."

Ulikuwa ukweli mtupu. Lakini niliusema polepole, nikifuta simu kwa pindo la shati, bila kumtazama, na mwishoni nikatabasamu kidogo. Nilikuwa nimemfahamu kwa miaka arobaini na mitatu. Nilijua neno likitoka kwangu atalipima kwa mizani aliyonipimia mimi.

"Unataka uwahi peke yako," alisema.

"Mimi nimekuambia."

"Wewe bwana mdogo hujui kudanganya. Usoni tu unaonekana."

"Basi fanya unavyoona, kaka."

Tulikuwa kichwani pa kaburi la baba. Kwetu mtu akishika udongo wa kaburi la mzazi wake na kuapa, hata adui yake humwamini. Ningeinama tu. Yeye alijua hivyo, na nadhani alingoja, kwa sababu hakuondoka mara moja. Sikuinama. Aliinuka, akajipangusa suruali, akateremka akiita vibarua.

Saa tano mto ulikuwa mwekundu kwa udongo wa karoti zake. Mke wangu alirudi na ndoo tupu; hakuweza kuchota.

"Baba watoto, shemeji anang'oa. Hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia vizuri?"

Nikamuuliza kama kuna chai. Aliinua ndoo yake, akapanda kwenda kuchota chemchemi ya juu.

Mimi nilisubiri mpaka Jumatano, nikapanda kilimani, nikapiga, nikang'oa. Magunia ishirini na mawili yaliuzwa yote, kwa bei ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka miwili. Nilinunua mbegu, mbolea na mbuzi mwingine. Shamba la bondeni halijauzwa. Ni langu mpaka leo.

Magunia ya kaka yalimwagwa sokoni, na alilipa nauli ya kuyapeleka. Mwezi uliofuata aliiuza simu yake. Njia ya makaburini hajaipita tena nikiwapo, na nyasi zikiota mpaka kwenye msalaba, ninazikata mimi. Hasara yake siijui. Hakuitaja, nami sikuuliza.

Hesabu ninayoijua ni yangu. Kuanzia siku niliyonunua simu mpaka gunia la mwisho nilizungumza na dalali mara kumi na nne, na katika kila mara, kwa kuchagua ile laini ya makaburini, nilipunguza, kwa wastani, shilingi mia tatu na ishirini. Jumla niliokoa shilingi elfu nne mia nne na themanini.