Vifungo vya Koti la Marehemu

Kanisani walimwita Mama Mkono Wazi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye kibanda cha kushonea kando ya barabara, na ndiye aliyekabidhiwa sanduku la nguo za wahitaji. Waumini walileta nguo zao za zamani, naye akazibeba hadi kibandani, akazifua, akaziba palipotoboka, akazipiga pasi, kisha akazigawa. Hakulipwa chochote. Mchungaji alimsifu mbele ya watu mara kwa mara, mpaka wengine wakaanza kumwonea kijicho.

Lakini kabla nguo haijatoka kibandani, Mama Mkono Wazi alishika kimkasi chake cha kukatia nyuzi na kuondoa vifungo. Si vyote, tusimwonee. Vile vilivyopasuka aliviacha. Vizuri viliingia kwenye kopo la biskuti lililokaa rafuni juu ya cherehani, na baadaye vikaonekana kwenye mashati ya wateja. Tabia hiyo ilimwanza mwaka aliofiwa na mumewe, alipokuwa hana mbele wala nyuma na kila kifungo alichookota kilikuwa kifungo ambacho hatakinunua. Kazi ilipokuja kushika kasi, mkono ulikuwa umeshazoea. Nguo ni kitambaa, alijiambia, na kitambaa ninatoa. Anayetaka kujidanganya huwa hakosi maneno.

Siku moja alitoa koti la marehemu mumewe. Lilikuwa koti la sufu, zito, la kijivu, lenye vifungo vya pembe ya ng'ombe ambavyo siku hizi huvipati dukani. Alilia alipolikunja, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akajifuta macho, akachukua kimkasi.

Jumapili mchungaji alilinyanyua koti juu kila mtu alione, akamvalisha mzee aliyelinda geti la kanisa. Kanisa zima likapiga makofi. Fundi aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na moyoni alikuwa akijisikia vizuri sana.

Msimu wa baridi ulipoingia, mlinzi alionekana getini amelifunga koti lake kwa kamba ya katani kiunoni. Juu ya kamba lilikuwa wazi, na mzee akaanza kukohoa. Fundi alipopita pale alijitia kutafuta kitu mkobani. Ukimwona mwanamke anatafuta kitu mkobani kila anapopita geti lile lile, ujue kuna jambo.

Hatimaye mlinzi alikuja kibandani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, naona aibu kukusumbua," alisema. "Mtu akishakupa koti, utamrudiaje tena kumwomba vifungo? Ila kifua hiki hakinipi nafasi."

"Karibu, mzee. Lete nione."

"Hata vya rangirangi, mimi sichagui. Nadhani vyake vilidondoka zamani, enzi za marehemu."

Hapo mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Angesema neno moja tu, yangeisha. Badala yake alijisikia akisema, "Ndiyo, vilidondoka. Marehemu alikuwa hajali nguo, mzee wangu. Alikuwa mzembe, Mungu amrehemu."

Mumewe! Mtu aliyekuwa akipiga pasi hata leso! Mtu ambaye, kifungo kikilegea, hakuvuka kizingiti mpaka kikazwe! Fundi alisikia masikio yakimwaka moto. Aliteremsha kopo, akalifungua akiwa amempa mlinzi mgongo, na vifungo vya pembe vilikuwa pale juu vikimtazama. Akavifunika kwa kiganja. Angevishona vipi sasa, na ameshasema vilidondoka? Akapekua chini, akatoa vya plastiki, kimoja chekundu, kimoja cheupe, vingine havikulingana hata ukubwa, akavishona chapuchapu.

"Nikupe nini, mama? Mkononi sina kitu."

"Ni bure, mzee."

"Basi nitakuombea," alisema mlinzi. "Wewe na marehemu."

Aliondoka amejifunga mpaka shingoni. Fundi alikaa mbele ya cherehani na hakuikanyaga tena siku hiyo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kutoa ushuhuda, nani alisimama kama si mlinzi? Aligeuka huku na huku ili watu wauone vizuri ule mchanganyiko wa vifungo kifuani.

"Huyu mama alinipa koti," alisema, "kisha akanipa na vifungo. Kanipa mara mbili kwa nguo moja. Mimi nilikuwa sijaona mtu wa hivyo."

Makofi yalilipuka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliinua macho ili asimtazame mlinzi, na ndipo akawaona watoto wa benchi la mbele. Shati la mmoja limeshikwa na pini. La mwingine pini mbili. Msichana mdogo alikuwa ameshikilia gauni mgongoni kwa mkono wake mwenyewe huku wenzake wakipiga makofi, kwa sababu palipokuwa na vifungo palibaki vitundu tu. Nguo zote alizitambua. Yeye ndiye aliyezipiga pasi. Miaka yote hiyo alikaa nyuma ya watoto hawa akidhani mama zao ni wavivu.

Ibada ilipokwisha hakungoja kusalimiana na mtu. Alikwenda kibandani, akachukua kopo, sindano na uzi, akarudi mpaka getini. Mlinzi alimsogezea kiti chake. Hakukaa.

"Mzee, vifungo havikudondoka," alisema. "Nilivikata mimi kabla sijalitoa koti. Ninavyo humu. Na mume wangu hakuwa mzembe. Nilimsingizia."

Mlinzi alimtazama, akalitazama koti. Kisha akafanya jambo ambalo fundi hakulitegemea. Alianza kulifungua, chekundu, cheupe, mpaka cha mwisho, akalivua, akalikunja vizuri na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kumbe ulikuwa hujamaliza kulitoa, na mimi nalivaa tu. Ningejua nisingelichukua."

Hakukuwa na kejeli hata chembe. Aliomba msamaha wa kweli, amesimama na shati jembamba katika upepo ule, akikohoa. Fundi alikuwa amejiandaa kwa tusi. Tusi angelivumilia. Akakaa kwenye kile kiti, koti la mumewe mapajani, akalia kwa sauti bila kujali nani anapita.

Alipoweza kuona tundu la sindano, alivua sweta lake akamtupia mlinzi mabegani, akaanza kukata vifungo vya plastiki na kushona vile vya pembe. Watu waliokuwa wakisalimiana uani walianza kutoka getini. Wa kwanza walimsalimu, akaitikia kwa kichwa, akawaacha wapite na mawazo yao mazuri. Kisha akaja mama mchungaji.

"Jamani, Mama Mkono Wazi! Hata leo hupumziki? Mungu akubariki."

Sindano ilisimama. Jina lake lote lilikuwa pale, alilolijenga miaka mingi, na kilichotakiwa ni kutabasamu tu.

"Usinibariki," alisema. "Narudisha vifungo. Nilivikata kwenye koti hili. Nimevikata kwenye nguo zote mlizoniletea. Niitie wale watoto wenye pini, waje niwashonee."

Waliokuwa nyuma ya mama mchungaji walisogea waone. Mmoja akaguna. Mama mchungaji aliinama juu ya kopo lililokuwa chini, wazi, limejaa hadi ukingoni. Akapenyeza vidole, akatoa kifungo cha bluu chenye ua dogo katikati, akakigeuza.

"Hiki ni cha gauni langu," alisema polepole. "Nililitoa mwaka mtoto wangu alipopona."

"Ndiyo," alisema fundi. "Ni chako."

Hakuinua uso. Alivuta uzi, akaukaza, akaendelea kushona.